Paa Linalotoa Jasho: Mwongozo Kamili wa Kulinda Plaiwudi za Dari na Paa

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mafundi wa Njombe, Makete na Mufindi, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hupigiwa simu za aina moja: dari linadondosha maji, na mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Fundi anapanda juu, anaziba kila tundu la msumari analoliona, anapaka lami kwenye kofia ya kileleni mwa paa, analipwa, anaondoka. Baada ya siku chache maji yamerudi, alfajiri na mapema. Sasa mwenye nyumba anaambiwa plaiwudi yake ni dhaifu, anunue marini, ile inayosifiwa kustahimili maji. Anabomoa dari, anaingia gharama upya, anapigilia marini. Kipupwe kinachofuata maji yako palepale.

Maji hayo hayatoki mbinguni. Yanatoka jikoni, bafuni, na kwenye pumzi za watu waliolala. Plaiwudi nzuri haiyazuii; inachofanya ni kuchelewa kubanduka. Kinachoyazuia ni mambo matatu yanayofuatana: kupunguza mvuke ndani ya nyumba, kuuzuia usipenye darini, na kuupa njia ya kutoka ule utakaopenya. Ukiruka moja, pesa ya plaiwudi itakuwa imepotea.

Maji yanapatikanaje juu ya dari kavu

Hewa hubeba maji kama mvuke usioonekana, na hewa ya joto hubeba mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takribani gramu 17 za maji. Ishushe hadi nyuzi 10, uwezo wake unabaki gramu 9 na ushee. Zilizozidi lazima zigeuke maji, na hugeukia juu ya kitu cha baridi kilicho karibu, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Kwenye paa la mabati kitu hicho ni bati. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa la baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chukua chumba cha nyuzi 18 chenye unyevu wa hewa wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa katika nyumba ya nyanda za juu yenye watu wanne na madirisha yaliyofungwa. Hewa hiyo huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 13 na nusu. Bati la Njombe usiku wa Julai liko chini ya hapo kwa mbali. Sehemu zinazopata baridi kali ya kugandisha umande, kama uwanda wa Kitulo, jasho linaweza kuganda chini ya bati usiku kucha, kisha likadondoka lote kwa mkupuo jua likipiga. Ndiyo maana watu wa huko husema dari linavuja saa mbili asubuhi.

Mchana bati huwa la moto, maji yaliyobaki hugeuka mvuke tena, na sehemu yake huingia kwenye plaiwudi na mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa. Usiku mzunguko unaanza upya. Plaiwudi haiharibiwi na usiku mmoja wa jasho. Inaharibiwa na wiki nyingi za kulowa bila kupata muda wa kukauka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jasho, si mvujo

Usinunue kitu chochote kabla ya hatua hii.

Mvujo una mahali pake: karibu na msumari, maungio ya bati, kofia, au bomba lililotoboa paa. Hufuata mvua, na huacha doa lenye kingo za rangi ya kahawia linalokua kutoka sehemu moja. Jasho hutapakaa. Utaliona asubuhi baada ya usiku wa anga safi, mara nyingi juu ya jiko, bafu na chumba chenye watu wengi kuliko vingine.

Panda darini alfajiri na tochi. Angalia ncha za misumari iliyotokeza chini ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Chuma hupoa haraka, hivyo kama ni jasho utakuta tone kwenye karibu kila ncha, hata zile zilizo mbali na maungio yoyote. Gusa upande wa chini wa bati kwa kiganja: ukilowa kila unapogusa, jibu umelipata. Angalia pia mistari ya maji kwenye papi. Jasho huteremka na mteremko wa bati hadi linapokutana na papi, linasimama hapo, kisha linadondoka. Ukiona madoa kwenye dari yamepangika kwa mistari yenye umbali sawa na papi, hakuna tundu la kuziba.

Kama bado una mashaka, kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, kibandike juu ya plaiwudi kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku nzima na usiku wake. Maji yakiwa upande wa juu wa nailoni, yanatoka kwenye hewa au kwenye bati. Yakiwa chini ya nailoni, yanatoka ndani ya plaiwudi yenyewe, maana yake imekwisha kunywa maji mengi na inahitaji kukaushwa kabla ya kazi nyingine.

Hatua ya 2: Ijue plaiwudi uliyonayo

Dukani karatasi zote zinafanana: milimita 2440 kwa 1220, unene wa milimita 3, 6, 9, 12, 15 au 18. Tofauti inayohusu unyevu imejificha kwenye gundi, kwenye aina ya mti, na kwenye ngozi ya juu.

Plaiwudi ya ndani, ambayo ndiyo nyingi kwenye dari zetu, huunganishwa kwa gundi ya urea. Gundi hii ina rangi hafifu, na ukitazama ubavu wa karatasi hutaiona kwa urahisi. Ni nafuu na inafaa kabisa kwa kabati na dari kavu. Ikilowa na kukauka mara kwa mara inaachia, tabaka zinafunguka kuanzia pembeni, na dari linatengeneza matumbo. Plaiwudi ya milimita 3 na ya 6 ndizo zinazoonyesha ugonjwa huu mapema, kwa sababu hazina unene wa kushikilia umbo.

Plaiwudi ya nje huunganishwa kwa gundi ya fenoli, ambayo ubavuni huonekana kama mistari ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Haiachii kwa maji, hata ya moto. Tafuta muhuri wa WBP (gundi inayohimili hali ya hewa na kuchemshwa), au viwango vya Ulaya: EN 314 daraja la 3 kwa upande wa gundi, au EN 636-2 kwa matumizi ya mahali penye unyevu na EN 636-3 kwa matumizi ya nje kabisa. Kwa plaiwudi itakayokaa ndani ya paa, EN 636-2 inatosha.

Kisha kuna marini, jina linalouza sana na kueleweka kidogo. Marini halisi, ile ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, inadai gundi ya nje, mti unaostahimili kuoza, na tabaka za ndani zisizo na mashimo. Inayouzwa kwa jina hilo katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ni plaiwudi ya kufungia zege: gundi yake inaweza kuwa nzuri, lakini mti ni msindano au mkaratusi mchanga usio na kinga yake yenyewe. Tabaka zake hazitabanduka. Zitaoza zikiwa zimeshikana. Gundi na kuoza ni mambo mawili, na muuzaji anayekwambia marini haiozi amekueleza nusu tu.

Hiyo hiyo ya zege mara nyingi ina ngozi laini nyeusi au kahawia pande zote mbili. Kwenye zege ngozi hiyo ni baraka. Darini ni mtego. Jasho likidondoka juu yake haliingii, linatiririka hadi kwenye maungio na matundu ya misumari, na hapo linanywewa na ubavu ulio wazi. Maji yakishaingia kwa njia ya ubavu, ngozi ile ile inayazuia yasitoke. Nimeona karatasi za aina hii ambazo katikati zilikuwa kavu kabisa huku sentimita 10 za pembeni zinachimbika kwa kidole. Marini zilizokwisha kutumika kwenye zege na kuuzwa kwa bei ya chini ni mbaya zaidi, kwa sababu kingo zake zimelowa na kugongwa tayari. Ukilazimika kuzitumia, kata kingo zote hadi ufikie mbao nzima.

Blokbodi, yenye vibao vya mbao katikati, ni ya milango na samani. MDF na chipubodi zikilowa huvimba na hazirudi. Zote tatu ziondoe kwenye mawazo yako ya paa. OSB, mbao za vipande vilivyogandamizwa kwa gundi, inavumilia zaidi, ila kingo zake huvimba na kubaki zimevimba.

Plaiwudi ina sifa moja nzuri isiyotajwa sana. Ikiwa kavu huzuia mvuke kwa nguvu: karatasi ya milimita 12 hufanya kazi sawa na tabaka la hewa tulivu la karibu mita 2 na nusu. Ikilowa, uzuiaji huo hushuka chini ya mita 1. Maana yake plaiwudi isiyo na ngozi hujifungua inapolowa na kuruhusu unyevu utoke, mradi tu kuna hewa ya kuupokea. Ukiipaka varnishi nzito pande zote mbili umeinyang'anya uwezo huo.

Jaribio la kuchemsha. Rangi ya gundi inaweza kughushiwa, na mihuri pia. Kabla ya kununua karatasi nyingi, omba kipande cha upana wa kiganja. Kichemshe nje ya nyumba, kwenye sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena, kwa saa nne. Kikaushe kabisa, kisha ukichemshe saa nne nyingine. Gundi ya urea huachia mapema, tabaka zinatengana zenyewe. Gundi ya fenoli itabaki imeshika hata ukijaribu kupenyeza kisu. Jiko la mkaa na siku mbili vitakuokoa na hasara ya dari zima.

Hatua ya 3: Pima unyevu kwa namba

Kipimo cha unyevu cha pini mbili kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya useremala. Chukua vipimo sehemu nyingi: juu ya jiko, juu ya bafu, katikati ya nyumba, na karibu na upenu. Chini ya asilimia 15, endelea na kazi. Kati ya 16 na 19, chunguza na upime tena baada ya wiki mbili. Ikifika 20 na kubaki hapo, ukungu una makazi. Ikikaribia 28, fangasi wa kuozesha mbao wana kila wanachohitaji.

Usipokuwa na kipimo, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, kipime mara moja, kikaushe kwenye oveni yenye nyuzi 100 na kidogo, ukikipima kila saa hadi uzito uache kupungua. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 230 na kukauka hadi gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15.

Hatua ya 4: Punguza mvuke unaozalishwa chini

Watu hushangaa wakiambiwa kuwa gesi ya kupikia inatengeneza maji. Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa takribani lita 1.6 za maji kama mvuke. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, karibu lita 10 za maji zimeingia kwenye hewa ya nyumba yako, kabla hujahesabu maharage yaliyochemka saa mbili bila kifuniko. Ongeza maji ya moto ya kuoga, nguo zinazoanikwa sebuleni kwa sababu nje kuna ukungu, na watu wanaopumua usiku kucha.

Weka feni ya kutolea hewa jikoni na bafuni, na bomba lake litoke nje ya ukuta au nje ya paa. Narudia kwa sababu ni kosa la kila siku: bomba litoke nje. Feni inayopuliza mvuke juu ya dari na kuishia hapo ni bora isingewekwa. Kama hakuna umeme wa uhakika, dirisha la juu la jiko libaki wazi wakati wa kupika na nusu saa baadaye. Nguo zianikwe barazani.

Mahali pa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa hautoi mvuke mwingi, lakini hutoa hewa ya sumu inayoua waliolala, na kuziba madirisha kwa ajili ya joto hilo kunaongeza hatari na unyevu kwa pamoja. Usifanye hivyo hata kama dari lako ni kavu.

Nyumba mpya ina tatizo lake. Zege, plasta na sakafu hubaki na maji kwa miezi, na mbao za msindano zilizopasuliwa juzi huweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe. Ukipigilia plaiwudi juu ya kenchi mbichi na kuhamia mwezi huohuo wa Juni, jasho utaliona hata bila kupika. Acha nyumba ikae wazi, madirisha na milango ikiruhusu hewa, hadi plasta ibadilike rangi kote.

Hatua ya 5: Ziba dari

Mvuke unaopita katikati ya karatasi ya plaiwudi ni kidogo sana ukilinganisha na ule unaobebwa na hewa inayopenya kwenye tundu. Hewa ya joto hupanda, na tundu dogo la kupitishia waya wa taa hufanya kazi ya bomba usiku kucha. Kwa hiyo kazi ya hatua hii ni ya mikono na subira, si ya pesa.

Anza na taa. Mtindo wa siku hizi wa kuzamisha taa ndogo nyingi darini umetoboa dari za watu mara kumi hadi ishirini kwa sebule moja. Tumia taa zenye mpira wa kuzibia ukingoni na kifuniko kilichofungwa juu, au rudi kwenye taa za kuning'inia. Pitisha silikoni kuzunguka kila waya na bomba.

Maungio ya karatasi: ule mtindo wa kufunika maungio kwa vibao vyembamba ni mzuri kwa macho, ila kibao kilichopigiliwa kikavu kinapitisha hewa. Weka mstari wa silikoni ya kupakika rangi kwenye maungio kabla ya kupigilia kibao. Ukingo wa dari unapokutana na ukuta, chini ya mapambo, ndipo penye ufa mrefu kuliko nyufa zote za nyumba, uzibwe kote. Mlango wa kupandia darini uwe na mpira pande nne na komeo la kuubana.

Rangi ya mafuta au varnishi ipakwe upande wa chini, unaotazama chumba. Upande wa juu uache wazi au uupake dawa ya kuzuia fangasi inayoruhusu mbao kupumua. Kingo zote nne zipakwe rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kupandisha karatasi, kwa maana ubavu hunywa maji haraka kuliko uso.

Hatua ya 6: Fungua paa

Mvuke utakaopenya lazima utoke. Hewa iingie chini, kwenye upenu, itoke juu, kwenye kofia au kwenye ukuta wa pembetatu wa ubavuni.

Kanuni inayotumika Marekani ni kwamba jumla ya nafasi wazi iwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Tuigawe nusu chini na nusu juu. Tuichukulie nyumba ya mita 10 kwa 8. Dari ni mita za mraba 80. Gawanya kwa 150, unapata mita ya mraba 0.53. Nusu yake, 0.27, iwe kwenye upenu. Upenu wa pande mbili za mita 10 una urefu wa mita 20, kwa hiyo unahitaji mwanya endelevu wa milimita 13 na kidogo. Wavu wa mbu hula karibu nusu ya nafasi, basi acha milimita 25. Ni upana wa vidole viwili vyembamba, na mafundi wengi wanaoziba upenu kwa plaiwudi hawaachi hata mmoja. Nusu nyingine ipatikane juu: matundu mawili yenye wavu ya sentimita 50 kwa 50 kwenye kuta za ubavuni, karibu na kilele kadiri inavyowezekana, au kofia iliyoinuliwa yenye wavu.

Wenye nyumba huogopa popo, panya na vumbi, na hofu hiyo ni ya haki. Jibu ni wavu imara wa chuma nyuma ya wavu wa mbu. Kuziba kabisa si jibu.

Hatua ya 7: Pamba na foili, kwa mpangilio huu tu

Pamba ya glasi ya milimita 100 juu ya dari hutunza joto la chumba, na plaiwudi inabaki na joto kiasi cha kutopata jasho upande wake wa chini. Lakini nafasi ya juu ya pamba inakuwa ya baridi zaidi kuliko ilivyokuwa. Ukiweka pamba kabla ya kuziba matundu na kufungua upenu, umeongeza jasho chini ya bati. Ndiyo maana hatua hii ni ya saba. Pamba isisukumwe hadi kwenye upenu. Acha milimita 50 za hewa juu yake.

Karatasi ya foili chini ya bati hukamata matone. Itandazwe ikiwa imelegea kati ya kenchi na kenchi ili maji yapate mkondo, na ukingo wake wa chini upite juu ya fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, na kuishia kwenye gata. Foili iliyokatwa kabla ya fisha bodi inakusanya maji ya paa zima na kuyamwaga juu ya plaiwudi ya upenu, ambayo ndiyo huoza ya kwanza.

Plaiwudi ikiwa juu ya kenchi, chini ya vigae vya lami

Nairobi, Limuru na sehemu nyingine za nyanda za juu za Kenya, vigae vya lami hupigiliwa juu ya plaiwudi iliyotandazwa juu ya kenchi. Hapa plaiwudi ndiyo yenyewe inayopoa usiku na kutoa jasho upande wa chini, na juu yake kuna lami isiyopitisha mvuke. Inaweza kukauka kuelekea chini tu. Usiifungie nailoni upande huo.

Tumia milimita 18 ya gundi ya fenoli kwa kenchi zilizoachana milimita 600, nyuzi za mti za usoni zikikatiza kenchi, maungio yakipishana, na mwanya wa milimita 3 kati ya karatasi na karatasi ili zipate pa kutanukia. Zikigusana zitainuka na utaona mistari kwenye vigae. Karatasi ikinyeshewa kabla ya kufunikwa, subiri ikauke hadi chini ya asilimia 18. Dari likifuata mteremko wa paa, acha njia ya hewa ya milimita 50 kati ya pamba na plaiwudi, bila kukatizwa, kutoka upenu hadi kileleni.

Paa lililofichwa nyuma ya ukuta

Mtindo huu umeenea Tanzania nzima, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Mabati yenye mteremko mdogo yamezungukwa na ukuta pande zote, hakuna upenu, hakuna pembetatu. Mvuke ukifika juu umefungiwa. Mwambie mchoraji wako kabla ya msingi: kila upande wa ukuta huo uwe na matundu yenye wavu, chini ya usawa wa bati, pande zinazotazamana ili upepo uvuke. Nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, toboa matundu ya kipenyo cha milimita 100 kwa mashine, kila baada ya mita moja, na uyafunike kwa vizibo vyenye mapezi ili mvua isiingie.

Pwani mambo yanageuka

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, bati halitoi jasho la namna ile, ila kiyoyozi kinaleta lake. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji kwenye nyuzi 25. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 20, plaiwudi ya dari inakuwa ya baridi, na hewa nzito iliyo juu yake inaweka maji upande wa juu, usioonekana. Dalili ni ukungu unaojitokeza kwenye vyumba vyenye kiyoyozi tu.

Dawa yake ni kinyume: varnishi nzito isiwe upande wa chumba, foili au kizuizi cha mvuke kiwe juu ya pamba, pamba ifunike dari lote bila pengo, na kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 au 26. Bomba la gesi la kiyoyozi linalopita darini livikwe soksi yake ya mpira hadi mwisho. Sentimita chache zilizoachwa wazi hudondosha maji mahali pamoja kila siku, na mwenye nyumba anaita fundi wa paa.

Plaiwudi iliyokwisha kuharibika

Rekebisha chanzo kwanza, kausha wiki kadhaa, ndipo uhukumu. Choma kwa bisibisi kila nusu mita. Inapozama bila nguvu, au tabaka zinapotengana, karatasi nzima iondoke. Kiraka hakishiki kwenye plaiwudi iliyoachia. Ikiwa ngumu lakini ina ukungu, vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kausha, kisha paka mchanganyiko wa boraksi. Jiki huondoa rangi ya ukungu usoni na kuongeza maji kwenye mbao, kwa hiyo usiitegemee. Kagua pia kenchi na papi zilizogusana na karatasi mbovu, hasa kwenye maungio, na misumari yenye kutu ibadilishwe kwa ile iliyopakwa zinki.

Mwaka mmoja baadaye, katika mwezi uleule wa baridi, panda tena alfajiri na kipimo chako upime sehemu zilezile ulizozipima mwanzo. Kama juu ya jiko bado kuna zaidi ya asilimia 16, rudi hatua ya tano, utafute tundu ulilolisahau.